Kidevu cha Mkurugenzi

Kiwanda kilitengeneza vyoo. Kilitengeneza pia masinki ya kunawia mikono na vile vibao vya kuwekea sabuni, lakini kilichowalisha watu wote pale kwa miaka arobaini, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, ni vyoo. Mkurugenzi hakulipenda neno hilo. Katika barua zote za ofisi bidhaa ziliitwa "vyombo vyeupe", na mtu aliyesoma taarifa ya mwaka bila kufika kiwandani angeweza kudhani kinachozungumziwa ni vikombe vya chai.

Kielelezo cha kila chombo cheupe, yaani kile cha kwanza kabisa ambacho vingine elfu hunakiliwa kutoka kwake, kilichongwa na mwanamke waliyemwita Taratibu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kwenye mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, na hapo ndipo vyote viwili vilipokaa mwaka mzima. Walimpa jina la Taratibu kwa kumcheka, alipokuwa mgeni, kwa sababu aliweza kumaliza asubuhi nzima akisugua ukingo mmoja wa choo kwa sponji. Baadaye ikaonekana kwamba vielelezo vyake havipasuki na vya wenzake vinapasuka. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Nyuma ya jengo kuu, karibu na ukuta, kulikuwa na tanuri dogo lenye ukubwa wa kabati la nguo. Zamani lilitumika kujaribia rangi. Rangi zilipoanza kuagizwa zikiwa tayari, tanuri likaachwa, na Taratibu akaomba ruhusa ya kulitumia saa za mapumziko. Humo alichoma vitu vyake: ndege, mikono ya watu, kichwa cha mbuzi aliyekasirika, mwanamke aliyelala kwa ubavu. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, miaka kumi na mmoja, akiandika kila alichoharibu katika daftari: siku, unene, moto, ufa ulipoanzia.

Udongo wa kauri ni mweupe kama maziwa na una deko kuliko mtoto wa pekee. Ukiufanya mwembamba unalegea motoni. Ukiufanya mnene unapasuka. Ukisahau kutoboa tundu la kutolea hewa, unalipuka na kuharibu vilivyo jirani. Lakini siku ukikubali, hutoka na weupe ambao mwanga hupenya kidogo kwenye kingo, kama sikio la mtoto likiwa mbele ya jua, na mtu husahau ndege kumi na saba waliovunjika kabla ya huyo mmoja. Taratibu hakuwa na udongo huo nyumbani, wala tanuri, wala moto wa kufikia joto hilo. Bila lile kabati lililo ukutani, angekuwa mchonga vyoo tu.

Ndiyo maana siku alipokuta tangazo limebandikwa kwenye mlango wa tanuri dogo, alilisoma mara mbili. Lilisema kwamba katika maandalizi ya sherehe za miaka arobaini, kifaa hiki chakavu kitaondolewa ili kupisha kivuli cha magari ya wageni waalikwa.

"Shemeji," alisema mchomaji, akichungulia juu ya bega lake, "unaona? Magari nayo yanataka kivuli. Wewe umefanya kazi hapa miaka yote, nani amekujengea kivuli?"

Mchomaji ndiye aliyesimamia moto wa matanuri yote. Alikuwa mume wa mdogo wake Taratibu, na kwa kuwa ni mashemeji, kila mmoja alikuwa na haki ya kumtania mwenzake mbele za watu. Mchomaji aliitumia haki hiyo tangu asubuhi hadi kengele ya kutokea. Taratibu aliitumia mara moja kwa wiki, lakini alilenga vizuri.

"Wewe una kivuli chako," alisema. "Mke wako ndiye anayekaa juani."

Hakutania tena siku hiyo. Alilibandua tangazo polepole bila kulichana, akalikunja, akaliweka mfukoni mwa aproni.

Siku ya pili akaja Afisa Uhusiano. Alikuwa kijana aliyetembea na kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na alizungumza kana kwamba kila neno lake lingechapishwa.

"Mama, nina habari ya kihistoria," alisema. "Mkurugenzi ameridhia kutengenezewa sanamu. Kichwa na mabega. Ya kauri, ya hapahapa, kwa mikono ya hapahapa. Itakaa getini juu ya nguzo."

"Ameridhia ombi la nani?"

Afisa akakohoa. "Wazo lilitoka kwake. Kisha akaridhia."

Taratibu alitafakari. "Na tanuri langu?"

"Hilo nimelizungumza. Amesema sanamu ikimpendeza, tanuri linabaki, tena tutaliwekea kibao. 'Kitengo cha Sanaa.' Isipompendeza..." Alitazama ukutani, mahali ambapo magari yangeegeshwa. "Lakini itampendeza, mama. Kwa nini isimpendeze? Ni yeye."

*

Mkurugenzi alikuja kukaa mchana mara tatu. Alikuwa mtu mpana, mwenye shingo iliyojaa na sauti ambayo katika mikutano haikuhitaji kipaza sauti ila alikitumia.

"Nikae vipi, fundi?"

"Kaa unavyokaa, Mkurugenzi."

Akaketi kwa dakika mbili kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kisha simu ikalia mfukoni, akaitoa, akaanza kusoma, na akaondoka pale alipokuwa bila kunyanyuka kwenye kiti. Mabega yakashuka. Kidevu kikazama kifuani. Mdomo wa chini ukajitokeza kidogo, na nyusi zikakaribiana, si kwa ukali, bali kwa ile namna ya mtu anayengoja kuambiwa kosa lake.

Taratibu hakuwa na maoni kuhusu Mkurugenzi. Watu wengi kiwandani walikuwa nayo na waliyatoa bure, lakini yeye aliamini kwamba mtu unamjua ukishamtazama, na hakuwahi kupata nafasi ya kumtazama huyu. Sasa aliipata. Aliweka udongo, akautoa, akauweka tena. Alijenga kichwa kikiwa na uwazi ndani, ukuta wake unene wa kidole, kwa vipande virefu alivyovizungusha kimoja juu ya kingine. Alichimba tundu la hewa chini ya bega la kushoto. Mchana wa tatu ulipokwisha alikuwa na mtu kamili mbele yake, na alipomfunika kwa kitambaa kibichi aliona haya kidogo, kama mtu aliyesoma barua isiyo yake.

Siku iliyofuata Mkurugenzi na Afisa wakaja kutazama. Taratibu akaondoa kitambaa.

"Ala!" alisema Mkurugenzi. Akazunguka meza. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona mkubwa hivi?" Haikuwa lawama hata kidogo.

"Udongo huu hupungua motoni, Mkurugenzi. Ikiingia sita hutoka tano. Ili utoke ulivyo, lazima uingie ukiwa umezidi."

Tabasamu la Mkurugenzi likapungua lenyewe, bila moto. "Kwa hiyo nitakuwa mdogo."

"Utakuwa ulivyo."

"Ndiyo, lakini kuliko hivi."

"Kuliko hivi, ndiyo."

Afisa akaona ni wakati wake. "Mama, hakuna namna? Labda moto uwe wa kiasi? Tuangalie uwezekano."

"Kila kitu cha kauri hupungua. Hata vyoo."

Mkurugenzi akatazama dirishani.

"Hata vyombo vyeupe," alisema Taratibu.

Wakalipita hilo. Mkurugenzi alisogea mbele ya sanamu, akainama kidogo ili waonane uso kwa uso, na hapo ndipo alipoona.

"Lakini mbona naangalia chini?"

"Ulikuwa unaangalia chini."

"Nilikuwa nasoma ujumbe wa bodi!"

"Hata ulipomaliza."

Afisa alikuwa ameshasogea karibu. "Hapana, hapana. Mama, Mkurugenzi hatazami chini. Mkurugenzi ana dira. Hotuba yangu yote imejengwa juu ya dira. 'Kidevu kilichoinuka, macho yanayoona mbali.' Nimeshaipeleka kuchapishwa. Kiinue."

"Sawa," alisema Taratibu. "Naomba wiki mbili nijenge kingine, tangu mwanzo, kidevu kikiwa juu. Na Mkurugenzi akae tena."

"Wiki mbili? Sherehe ni baada ya wiki tano."

"Kukauka kunataka wiki tatu. Nikiharakisha, kinapasuka. Moto wa kwanza na wa pili, pamoja na kupoa, wiki moja na siku zake. Tutachelewa kidogo tu. Nguzo inaweza kungoja."

"Sherehe haingoji. Hiki hapa bado kibichi. Kiinue tu."

Taratibu aliufuta mkono wake kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Alipenda watu waelewe kitu kabla ya kukikataa. "Udongo huu unakumbuka," alisema. "Ukiupinda kisha ukaunyoosha, kwa macho umenyooka. Ukishika moto mkubwa unarudi ulikokuwa. Niliwahi kunyoosha shingo ya bata. Ilikaa wima wiki nne. Nikaichoma, ikatoka imepinda vilevile. Nimeandika. Ukurasa upo, niwaonyeshe?"

Afisa alicheka kwa upole, kwa namna wanavyocheka watu waliosoma. "Mama, kumbukumbu zinatunzwa ofisini. Huu ni udongo. Sasa nani anaamua hapa, wewe au udongo?"

"Udongo," alisema Taratibu. Hakuwa anatania, aliulizwa, akajibu.

Mkurugenzi aliitazama saa yake. Afisa alikiona kitendo hicho, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutenda kabla ya kuambiwa, aliikabidhi kompyuta yake kwa bosi, akapandisha mikono ya shati, akakishika kichwa cha Mkurugenzi kwa viganja viwili, kimoja chini ya kidevu na kingine kisogoni, akakiinua. Shingo ikajikunja nyuma. Kidevu kikapanda. Macho yakaangalia dari.

"Hapo!" alisema. Alama za vidole vyake zilibaki kwenye mashavu.

"Hapo ndipo," alisema Mkurugenzi, akiwa amekumbatia kompyuta. "Unaona, fundi? Kijana hajasomea kitu hiki, na dakika moja tu."

Walipoondoka, Taratibu alizifuta alama za vidole kwa sponji. Hakukasirika. Alifungua daftari, akaandika tarehe, na chini yake: *Kimeinuliwa kwa nguvu, kikiwa kimeshaanza kushika. Si mimi.* Kisha akafinyanga gongo la udongo uleule, ili lipungue sambamba na sanamu, akalisimamisha chini ya kidevu kama mtu anavyokingia ukuta unaotaka kuanguka. Hakuwa na imani nalo sana. Lakini tanuri lilikuwa tanuri lake, na alikuwa tayari kusaidia uongo usimame ikiwezekana.

*

Moto wa kwanza ni wa kiasi. Kazi yake ni kuukausha udongo hadi mwisho na kuufanya mgumu wa kuweza kushikika. Sanamu ilitoka humo kidevu kikiwa juu. Afisa aliitwa kushuhudia, akafurahi kupita kiasi.

"Umeona, mama? Udongo umesahau!"

"Bado," alisema Taratibu.

"Una wasiwasi sana, mama yangu. Ndiyo maana wanakuita hivyo wanavyokuita."

Yeye akaenda kusimamia ujenzi wa nguzo, ambayo aliipimisha kwa ukubwa wa kichwa kilipokuwa kibichi ingawa aliambiwa mara tatu asifanye hivyo.

Taratibu aliichovya sanamu katika maji ya kung'arishia, akaifuta chini, akaipanga ndani ya tanuri dogo pamoja na gongo lake. Moto mkubwa uliwashwa alfajiri. Ulipanda asubuhi yote kwa vipimo alivyokuwa ameviandika kwenye mlango kwa chaki. Saa tisa alasiri tanuri lilikuwa jeupe ndani, na mchomaji akavaa miwani yake ya kioo cheusi, akapiga goti kwenye tundu la kuchungulia.

Akakaa hapo muda mrefu.

"Shemeji."

"Nini?"

"Bosi anainama."

Taratibu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakuinuka. "Anainama vipi?"

"Kama mtu aliyeulizwa swali na jibu analijua." Akachungulia tena. "Gongo linasukumwa. Anapigana nalo. Loo! Gongo limeangukia pembeni. Sasa hakuna wa kumzuia, anashuka kwa raha zake. Njoo uone, shemeji, maana hii ofisini hawataonyesha."

Akampisha. Kupitia kioo cheusi Taratibu aliona weupe juu ya weupe, na ndani yake kichwa kikishuka kwa mwendo usioonekana, namna mkono wa saa unavyokwenda. Wakati huo udongo ni laini kama nta. Hakuna mkono unaoingia, hakuna chombo kinachofika. Alichoweza kufanya ni kuzima, na akizima kabla ya wakati, kauri haiwi kauri.

"Nizime?" aliuliza mchomaji. Safari hii hakutania.

"Acha ifike," alisema Taratibu.

Siku mbili tanuri lilipoa. Asubuhi ya tatu, mkesha wa sherehe, walilifungua wao wawili tu. Kichwa kilikuwa kimerudi kilikoanzia, na zaidi kidogo. Gongo lilipoanguka lilikiacha kigeuke kushoto, kama anayekwepa jicho la mtu. Kidevu kilikuwa kifuani. Mdomo wa chini umejitokeza. Na kwa kuwa shingo ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa, ilikuwa na mikunjo midogo miwili ambayo Taratibu hakuichonga wala asingethubutu kuichonga, ila sasa ilipokuwepo, aliona kwamba ndiyo iliyokosekana. Hapakuwa na ufa. Kwenye ncha za masikio mwanga ulipita.

Alikaa chini sakafuni. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kutoa kitu kizuri kama hicho, na kilikuwa kimekwenda kutokea siku hii, kwa sura hii.

"Hii ndiyo inaitwa balaa," alisema mchomaji kwa sauti ya chini. Akatazama mlangoni. "Sikiliza, shemeji. Mimi nina mikono mibaya, kila mtu anajua. Nikiibeba kuipeleka mezani, pale kwenye kizingiti naweza kujikwaa. Itakuwa ajali. Utasema ilikuwa nzuri, kidevu juu, dira tele, basi tu huyu mjinga ameivunja. Watanikata siku tatu za kazi. Wewe tanuri lako litabaki, kwa sababu hakuna atakayeona kilichokuwemo."

Taratibu alimtazama. Alijua anamaanisha, na alijua kwamba siku tatu ni nyingi kwa mtu mwenye watoto wanne. Akaitazama sanamu. Akafikiria kivuli cha magari. Akafikiria saa zake za mapumziko zikiwa na vyoo mbele na vyoo nyuma hadi atakapostaafu. Alifikiria kwa muda mrefu hata mchomaji akakaa chini naye.

"Asante, shemeji," alisema hatimaye. "Usiiguse."

"Watalibomoa."

"Walibomoe. Lakini hii nimeifanya mimi."

"Si husema udongo ndio unaoamua?"

"Tumeshirikiana."

Akachukua daftari, akaandika kipimo: sita imerudi tano, kama ilivyotakiwa. Kisha akageuza sanamu kwa uangalifu, akaandika jina lake la kitambulisho chini ya bega. Ilibidi afikiri kidogo kabla ya kulianza.

*

Sherehe ilifanyika saa nne asubuhi, getini, chini ya mahema. Wageni waliketi kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Mstari wa mbele alikaa mama mzazi wa Mkurugenzi, bibi mwembamba mwenye fimbo, ambaye dereva alitumwa kumchukua tangu asubuhi na ambaye hakuwa ameelezwa vizuri ni sherehe ya nini.

Afisa alikuwa hajaiona sanamu. Ilipelekwa kwenye nguzo ikiwa imefunikwa, na alipoona kitambaa kinaning'inia ovyo, kwa sababu kilichokuwa chini yake kilikuwa kidogo kuliko nguzo, alimnong'oneza Taratibu, "Mama, mmeiweka nzima kweli?"

"Nzima."

"Kidevu?"

"Kipo."

Akaridhika. Akapanda jukwaani, akafunua karatasi zake. Mkurugenzi alivuta kamba. Kitambaa kikaanguka.

Juu ya nguzo pana iliyofaa kubeba ng'ombe, alikaa Mkurugenzi wa kauri, ukubwa wake halisi, ameinamisha kichwa na kukigeuza pembeni, mdomo wa chini nje. Mkurugenzi wa nyama alisimama kando yake na kamba mkononi, akiiangalia. Na kwa kuwa ilimbidi aangalie chini ili aione, kidevu chake kilizama kifuani, na wageni wakapata nafasi ya kulinganisha.

Afisa naye aliona. Lakini hotuba ilikuwa imechapishwa, nakala mia mbili, na kila mgeni alikuwa nayo mapajani. Akasoma.

"'Tazameni kidevu kilichoinuka,'" alisoma. "'Tazameni macho yanayoona mbali. Hiki ndicho kichwa kisichowahi kuinama.'"

Wageni walitazama. Mmoja akapiga makofi, na kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana hajaelewa, wote wakapiga. Mwakilishi wa benki alimwambia jirani yake kwamba sanaa ya kisasa ndivyo ilivyo, lazima uisome kinyume. Nyuma, kwenye mstari wa wafanyakazi, mchomaji alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake na mabega yanaruka.

Mkurugenzi aligeuka kumtafuta Taratibu. Uso ulikuwa umeiva. Alifungua mdomo, na Taratibu, aliyekuwa amesimama karibu na nguzo, aliliaga tanuri lake kimoyomoyo.

Ndipo fimbo ikagonga chini. Bibi alikuwa ameinuka. Alitembea hadi kwenye nguzo, akamsogeza mwanawe kwa kiwiko kama mtu anavyosogeza kiti, akasimama mbele ya sanamu. Akaweka kiganja kwenye shavu la kauri.

"Huyu ndiye," alisema.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "subiri kidogo, kuna kosa limefanyika..."

"Kosa lipi? Huyu ndiye." Bibi akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapohapo. "Jamani, hivihivi ndivyo alivyokuwa akisimama nikimuuliza nani amemaliza sukari! Kimya. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anakupa sikio tu." Akageukia mahema. "Picha zote anazonitumia sizijui. Mtu kajivimbisha kama anataka kupasuka. Nazitundika kwa sababu ni mwanangu, lakini wageni wakiuliza ni nani huyu, nakosa la kusema. Nani ametengeneza hii?"

Taratibu alisogea. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ulimjua akiwa mdogo?"

"Hapana, mama. Nilimwona alivyokaa."

"Basi ulimwona." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Hii nakwenda nayo nyumbani. Dereva, njoo uibebe. Polepole, wewe, hilo si gunia."

"Mama, hiyo ni mali ya kiwanda," alisema Mkurugenzi. "Inatakiwa kukaa hapa getini."

"Hapa getini juani, mtoto wangu? Na vumbi lote hili? Hapana."

Mkurugenzi alitazama mahema. Watu mia mbili walikuwa wakingoja kuona kama atabishana na mama yake mbele yao. Hakubishana. Alisimama kimya, hakusema ndiyo wala hakusema hapana, na sanamu ikapita kando yake mikononi mwa dereva kuelekea kwenye gari.

*

Nguzo ikabaki tupu. Nguzo tupu getini ni aibu kuliko kutokuwa na nguzo, na wiki ile wageni wawili waliuliza ni nani aliyeibiwa. Siku ya nne Afisa alikuja kwenye chumba cha Taratibu bila kompyuta.

"Mama, nakuja kwa unyenyekevu," alisema. "Tunahitaji nyingine."

"Naweza," alisema Taratibu. "Tangu mwanzo, kidevu kikiwa juu. Hapo udongo hautakuwa na kingine cha kukumbuka. Lakini lazima Mkurugenzi akae, na akae kidevu kikiwa juu yeye mwenyewe. Mimi natengeneza ninachokiona."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Na tanuri."

Barua ya tanuri ilitoka mchana uleule. Ilisema kwamba kuondolewa kwa kifaa kilichotajwa kumeahirishwa hadi kazi ya sanamu ya Mkurugenzi itakapokamilika kwa kuridhisha. Mchomaji aliisoma mara mbili kwa sauti, akaibusu, akaibandika mlangoni mwa tanuri kwa gundi ya kutosha mlango mzima.

Mkurugenzi alikuja Jumatatu. Aliketi, akainua kidevu. Alikuwa ameizima simu na kuiacha ofisini, jambo ambalo watu wa mapokezi walilizungumzia siku nzima. Dakika ya kwanza alikuwa mtu mwenye dira. Dakika ya tatu shingo ilianza kutetemeka. Dakika ya nne alitazama viatu vyake.

"Kidevu, Mkurugenzi," alisema Taratibu.

Kikapanda.

"Kidevu."

Kikapanda tena, kwa shida zaidi. Jasho likamtoka kwenye paji. Taratibu hakumcheka wala kumhurumia. Aliloanisha kitambaa, akakifunga kipande cha udongo alichokuwa amekianza, akaosha mikono katika ndoo.

"Mbona umeacha?" aliuliza Mkurugenzi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haikuwahi kusikika katika kikao chochote: "Fundi, hivi huwa natazama chini hivyo mara nyingi?"

"Umechoka," alisema Taratibu. "Leo tumepata shingo upande mmoja. Njoo Alhamisi tufanye upande wa pili. Hakuna haraka."

Alihesabu kwenye daftari. Kwa dakika nne za kidevu kila kikao, na vikao viwili kwa wiki, kichwa kingekamilika baada ya mwaka na miezi minne, ikiwa hakuna kitakachopasuka. Katika hesabu hiyo aliongeza, kwa uzoefu, miezi mitatu ya kupasuka.